Chokaa ya Wageni

Redio ya Kinyozi ilikuwa inakoroma kama kawaida yake, nasi tunagombania upande wa benchi wenye kivuli, mara mtangazaji akautaja mtaa wetu. Kinyozi aliacha kidevu cha mteja nusu kimenyolewa, akaongeza sauti.

Tuzo ya wasanii chipukizi wa mikoani, mtangazaji alisema, mwaka huu imekwenda kwa mchora mabango wa mtaa wetu, kwa kazi yake iitwayo Kuta Zetu. Zawadi ni chumba cha kuchorea katika mji mkuu kwa mwaka mzima, rangi bure, na maonyesho juu yake. Kisha akasoma maneno ya majaji: "Kuta hizi nyeupe, tupu kabisa, zimetufundisha kutazama kile kisichokuwepo."

Tukatazamana. Hata mteja mwenye povu shavuni aligeuka.

"Wamesema nyeupe?" Kinyozi aliuliza.

"Nyeupe, na tupu," alijibu Mwalimu. Huyu alistaafu ualimu zamani, ila kusahihisha watu hajastaafu.

"Lakini nyeupe tulipaka sisi!"

Hapo lazima nieleze, maana asiyetujua anaweza kudhani tuna akili. Mchoraji mwenyewe tunamwita Brashi. Picha zote za mtaa huu zilikuwa za mkono wake: ng'ombe wa bucha, cherehani ya fundi nguo, hata kiatu kilicho juu ya kibanda changu, maana mimi ni fundi viatu. Mashindano ya tuzo yalipotangazwa hakuwa na picha ya kutuma, akawaandikia majaji kwamba kazi zake ziko ukutani, waje wajionee. Wakakubali. Siku yenyewe akaenda stendi kuwapokea, basi lao likachelewa, na huku nyuma sisi tukafanya kile ambacho mtaa wowote wenye adabu hukifanya akija mkubwa. Tulipaka chokaa. Tulipaka mawe, mashina ya miti, miguu ya benchi, na kuta zote. Mbuzi wa muuza mkaa aliponea chupuchupu.

"Na aliporudi nao hakusema neno," Kinyozi alikumbuka. "Alisimama tu pale, machozi yanamtoka."

"Yule mama jaji mwenye miwani ndipo akaandika," alisema Mwalimu. "Nilimchungulia. Aliandika: msanii huyu haelezi kazi yake."

"Viatu vyao mimi niliviona," nikasema. "Soli zile hazijawahi kukanyaga tone la rangi."

Dalali, ambaye kila mtu anamwita Asilimia kwa sababu hata ukimsalimia anataka sehemu yake, akasogea katikati ya benchi. Akakohoa.

"Jamani, tukae sawa. Wazo la chokaa lilikuwa la nani?"

"Lako," Kinyozi akasema. "Na tulikulaani baadaye."

"Laana zimekwisha. Kama nyeupe ndiyo imeshinda, msanii ni nani?"

"Wewe ulishika ndoo tu!"

"Ndoo ndiyo uongozi, bwana! Nyinyi mlikuwa mikono. Mimi sitaki makubwa, mjomba, nataka asilimia kumi ya chumba. Hata kona."

"Na uchipukizi utautoa wapi, na kipara hicho?"

"Kwani Brashi ni chipukizi? Ana wajukuu! Amekuwa akichipuka tangu mimi sijaota ndevu!"

Mwalimu akainua kidole. "Chipukizi, kwa lugha ya tuzo, ni mtu yeyote ambaye mji mkuu haujawahi kumsikia. Unaweza kuchipuka mpaka wakakuzika."

"Na mikoani ni wapi?" nikauliza.

"Mikoani ni popote ambapo jaji akishuka tu kwenye gari anaulizia choo."

Tulikuwa bado tunacheka Brashi alipotokea, ngazi begani, makopo yananing'inia mkononi. Tukampokea kwa vifijo. Asilimia alimkumbatia hadi ngazi ikataka kumwangusha.

"Mshindi wetu! Umesikia redioni?"

"Wamenipigia simu kabla ya redio," Brashi alisema. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Akaiegemeza ngazi kwenye ukuta wa Kinyozi. "Mpiga picha wao anakuja leo kupiga picha za kitabu cha maonyesho. Sharti lao ni moja tu, ukuta usiguswe mpaka afike. Ukiguswa, tuzo hakuna."

"Basi hiyo ngazi ya nini?"

Brashi alichuchumaa akafungua kopo la rangi ya kahawia, akaanza kulikoroga.

Sijawahi kuona benchi likisimama haraka namna ile. Asilimia alijibandika ukutani kwa mgongo, mikono ameitanua. "Ndugu yangu, una wazimu? Mwaka mzima! Rangi bure! Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, sasa hii ni yako mwenyewe na unaifukuza kwa fimbo!"

"Nenda, kaka," Kinyozi naye akasihi. "Mtu kama wewe anaitwa lini tena?"

"Ukifika kule funga mlango, uchore unachotaka," Mwalimu akashauri. "Nani atajua?"

Brashi akaacha kukoroga.

"Mnadhani sikitaki chumba kile?" alisema. "Nakitaka mpaka nakiota usiku. Maisha yangu yote nachora na mtu kasimama nyuma yangu ananiambia nyanya iwe nyekundu zaidi, ng'ombe anenepe. Nilitaka mwaka mmoja tu wa kuchora bila mtu mgongoni. Lakini hawa hawakumpa mchoraji. Wameipa chokaa. Nikienda, watanisimamia mgongoni waniambie iwe nyeupe zaidi."

Brashi akamgeukia Kinyozi.

"Hapo aliposimama Asilimia, palikuwa na picha ya nani?"

Kinyozi akautazama wembe wake. "Ya baba."

"Nilimchora lini?"

"Mwaka aliofariki. Amekaa kwenye kiti chake, taulo shingoni."

"Nani alimpaka chokaa?"

"Mimi mwenyewe."

"Mkono mmoja wa chokaa?"

"Miwili," akasema. "Wa kwanza ulipokauka, sikio lilikuwa bado linaonekana."

Nilitaka kucheka, nikaona aibu. Marehemu ndiye aliyenipa nafasi ya kibanda changu pale, na siku ile ya wageni mimi ndiye niliyeshika ngazi. Mtu mwingine apakwe chokaa sawa, lakini mzee yule alinyoa mtaa mzima kwa mkono wake.

"Toka hapo, Asilimia," Kinyozi akasema.

"Shemeji, fikiria kwanza..."

"Nimesema toka kwa baba!"

Asilimia akatoka, mgongo wa koti wote mweupe. Kinyozi akaweka wembe chini, akaenda kuishika ngazi mwenyewe. Mteja wake alibaki na nusu ya ndevu na hakuthubutu kulalamika.

Brashi alianza na sikio. Mzee akarudi taratibu, shingo, taulo, yale macho ya kuuliza kama umekuja kunyolewa au kupiga soga. Kinyozi alilia waziwazi na hatukumsema. Kisha Brashi akaanza kuchora watu nyuma ya kiti, wameshika ndoo na mafagio ya chokaa, wakimnyemelea mzee. Tukajitambua. Mnajua tena binadamu, dakika ile ile tukasahau tuzo.

"Tumbo hilo si langu," Mwalimu akapinga. "Punguza."

"Mimi nichore na viatu vyangu vizuri," nikasema.

"Huna viatu vizuri, fundi. Nimekujua miaka yote."

"Basi vibuni!"

"Na nyanya yangu iwe nyekundu zaidi," muuza mboga akapaza sauti kutoka ng'ambo. Brashi alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya majaji.

Gari jeupe lilisimama wakati anaanza kumchora Asilimia, amefikia kola ya shati. Akashuka dada mmoja, kamera kifuani.

"Shikamooni, wazee wangu. Samahani, zile kuta nyeupe zilizoshinda tuzo ni zipi?"

Tulimtazama Brashi. Bado angeweza kusema ukuta mmoja umeharibika, nyingine zote zipo. Aliteremka ngazi hatua moja, akautazama mtaa mweupe upande huu na upande huu.

"Hapa si penyewe, mwanangu," akasema. "Na hizo zilizobaki nazifikia jioni."

"Lakini nimeambiwa..."

"Endelea mbele," Mwalimu akamwelekeza. "Mtaa wowote uliowahi kutembelewa na mkubwa, utazikuta nyeupe hadi mawe. Hapa pana msanii tu."

Dada alibaki ameduwaa. Aliyechangamka ni Asilimia. Alijipangusa koti, akafungua mlango wa gari kabla hajaambiwa karibu.

"Mwanangu, usihangaike, mwenye wazo ni mimi. Nyuma ya ghala la mbolea kuna ukuta mweupe, mrefu, mtupu, haujawahi kuguswa na mtu mwenye kipaji. Twende nikuonyeshe, tutaelewana njiani."

Gari likaondoka naye. Tulilitazama hadi lilipokata kona.

"Huyo atashinda," Mwalimu akasema.

"Atashinda kweli," nikasema. "Ni chipukizi."

Brashi alirudi ukutani, akachovya brashi, kisha akasita. Kati ya watu wa ndoo palikuwa na mmoja aliyeishia kwenye kola.

"Mwenyewe ameondoka sijammalizia," akasema. "Amebaki hana kichwa."

Kinyozi, mikono bado kwenye ngazi, akaitazama picha ile vizuri.

"Mwache hivyo hivyo," akasema. "Tumefanana naye sana."

"Nani?"

"Sisi wote. Siku ile ya chokaa."