Nyumba ya Duara na Miti ya Atabo

Jumatatu, 1 Machi 1993. Lodwar.

Unga umepanda tena. Mara ya tatu tangu Krismasi! Redio imesema shilingi imeshuka, na mtangazaji amelisema jambo hilo kwa sauti ya kusoma matokeo ya mpira. Hana aibu. Mimi nimekaa stoo ya serikali miaka kumi na moja, nikitoa majembe na kupokea mabomba. Ninajua kwamba chuma hukaa na karatasi huliwa na mchwa. Akiba yetu yote ni karatasi.

Kipkemboi, ninayetumia naye ofisi (yeye amekalia dirisha lenye upepo, mimi mlango wenye vumbi), amenunua mbuzi sita. Mbuzi! Akanishauri nami ninunue. Nikamwambia mbuzi hufa. Akasema hata makarani hufa. Na huyu ndiye waliyempandisha cheo.

Nimeamua. Nitanunua ardhi yenye nyumba. Tena si nyumba ya mabati kama ya kila mtu. Nataka nyumba ambayo mpita njia akiiona atasimama aulize ni ya nani.

Alhamisi, 4 Machi.

Mungu yupo. Nimekutana na Lomuria pale basi la Kakuma linaposimama. Mtu mtaratibu, kofia yenye unyoya wa mbuni, viatu vya ngozi. Ana nyumba ya mawe ya kuuza upande wa Lopur, kando ya mto Tarach. Duara! Aliijenga Mzungu mmoja aliyekuja kutafuta maji, hakuyapata, akarudi kwao na kumwachia Lomuria aliyekuwa mlinzi wake. Kakuma sasa kumejaa mashirika kwa ajili ya wakimbizi, na wafanyakazi wao wanalala kwenye mahema. Watalipa kodi kwa dola. Dola haishuki.

Lomuria amekiri kwamba Kipkemboi aliiona kabla yangu. Aliuliza swali moja tu, eti miti ni ya nani, kisha akaondoka. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mtu anaonyeshwa nyumba, anauliza habari za miti! Ndiyo maana atakufa na mbuzi wake.

Jumamosi, 6 Machi. Kakuma.

Nimeiona. Sijataka kitu namna hii tangu nilipomtaka Makena, mke wangu.

Mawe ya mtoni, ghorofa moja, ngazi ya nje. Migunga kumi na mmoja mikubwa imeizunguka, na maganda ya mbegu yameanza kuanguka chini. Mto umekauka, mchanga mtupu, lakini ni mchanga wenye heshima. Chini ya mgunga mkubwa kuna beseni refu la kuogea, jeupe, la chuma, lenye miguu minne. Nililala ndani yake na nguo zangu zote. Nikatazama juu. Kivuli changu, nikasema.

Lomuria hataki karatasi tupu kwa sababu shilingi inashuka. Anataka nusu fedha, nusu kitu. Nikamheshimu hapo hapo. Hatimaye, mtu anayefikiri kama mimi! Akauliza nina kitu gani cha chuma. Nikafikiri. Baiskeli nimekuja nayo juu ya basi, na siwezi kuitoa. Mwenye nyumba Lopur atafikaje kwake bila baiskeli?

Kuna cherehani.

Jumanne, 9 Machi. Lodwar.

Cherehani ya Makena imepanda basi asubuhi. Nimemwambia mke wangu inakwenda kwa fundi wa Kakuma, maana fundi wa hapa ni mharibifu. Akasema haijaharibika. Nikamwambia huo ndio wakati wa kuitengeneza, kabla haijaharibika. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ana majoho ishirini na mawili ya kwaya ya kushona kabla ya Pasaka. Kanisa limeshanunua kitambaa. Pasaka ni tarehe kumi na moja mwezi ujao, wakati wa kutosha kabisa. Mpangaji wa kwanza akilipa tu, ninanunua cherehani mpya, ya umeme, na Makena atalia kwa furaha.

Jumamosi, 13 Machi. Lopur.

Nyumba ni yangu! Karatasi imetiwa saini na ina muhuri wa bluu, wa duara kama nyumba yenyewe. Mimi ni mtu wa mihuri. Nikiuona muhuri wa kweli naujua.

Nimeanza kuweka ua. Nimekata matawi ya migunga yenye miiba nikazungushia kiwanja chote. Mikono imechanika mpaka viwiko. Mzee mmoja amepita, amesimama, amenitazama nikiwa juu ya mti na panga. Akanisalimu, ejok. Nikajibu ejok. Akauliza kwa upole kama ninaumwa. Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Wivu.

Jumapili, 14 Machi.

Nimevamiwa!

Alfajiri nimeamshwa na kengele. Mbuzi sitini, labda zaidi, ndani ya ua wangu, wanakula maganda yangu. Punda wawili wamebeba fito na ngozi. Wanawake watatu wanajenga vibanda chini ya mgunga wangu mkubwa kana kwamba wamealikwa. Beseni langu la kuogea limejazwa maji ya kisimani, na mbuzi wananywa humo.

Mkubwa wao ni mama mzee anaitwa Atabo. Shanga mpaka kidevuni. Nimemwonyesha karatasi. Ameitazama mbele na nyuma, akanirudishia, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nimemweleza kwa sauti ya serikali kwamba hii ni mali ya mtu, na kama anataka kukaa, kuna kodi. Alingoja nimalize. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

“Nyumba yako, sawa. Mti yangu. Ya baba ya bwana yangu. Kila kiangazi mimi nakuja.”

Kisha akaona matawi niliyokata. Hapo uso ukabadilika. Aliligusa moja baada ya jingine, akihesabu kwa lugha yake. Nilikunywa maziwa yote kwa sababu sikujua la kufanya na kibuyu.

Jumatatu, 15 Machi. Kakuma.

Nimekwenda kwa chifu kushtaki. Ofisi nzima imecheka. Watumishi wa umma, saa za kazi!

Chifu amenieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Ukingoni mwa mto, miti ya mgunga ina wenyewe, ukoo kwa ukoo. Wanapaita mahali hapo ekwar. Kiangazi familia huja na mifugo yake kula maganda, na hakuna anayekata tawi bila ruhusa yao. Mzungu alijenga kwa ruhusa ya mumewe Atabo, na ruhusa hiyo ilikuwa ya mtu kukaa. Ya kuuza haikuwepo. Kila mtu anajua, akasema. Nikauliza kila mtu nani. Akasema hata mwenzako wa Lodwar, yule Kipkemboi, alijua kuuliza.

Kisha akasoma muhuri wangu. Polepole, akifuata duara kwa kidole. Ni muhuri wa josho la mifugo. Unasema: WAMEOGESHWA.

Lomuria amekwenda Lokichoggio. Hakuna ajuaye atarudi lini.

Jumamosi, 20 Machi. Lopur.

Nimetozwa faini ya mbuzi kwa yale matawi. Beberu mwenye afya, kwa pesa niliyoiweka ya rangi ya madirisha! Wakamchinja papo hapo, wakamchoma mbele ya nyumba yangu, wakanikaribisha. Nikakataa kwa heshima. Harufu ikaja. Nikala. Kwa hasira, lakini nikala sana, na wakanipa paja.

Baada ya hapo Atabo amekuwa mwema kupita kiasi. Ananiita Bwana Serikali. Ameniomba, kwa kuwa sina kazi nikiwa hapa, niwafukuze ngedere wasile maganda. Nimemwambia mimi ni mwekezaji. Nimewafukuza hata hivyo, kwa sababu wanachafua ngazi.

Alhamisi, 25 Machi. Lodwar.

Makena amekata majoho yote ishirini na mawili. Yamelala sakafuni vipande vipande, mikono huku, kola kule. Mchungaji amekuja kuuliza. Mwalimu wa kwaya amekuja kuuliza. Nimesema fundi anangoja kifaa kutoka Kitale. Walipoondoka Makena akasema kazi hii ndiyo ya kwanza kubwa kanisa limempa, na akiiharibu hatapewa ya pili. Sare za shule ya chekechea zitakwenda kwa mwingine pia. Hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

Ameamua Jumamosi twende wote Kakuma kuichukua cherehani. Nimemtajia majambazi wa njiani. Ameanza kukanda unga wa chapati za safari.

Jumamosi, 27 Machi. Kakuma.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Mpango wangu ulikuwa mzuri: nimzungushe Makena sokoni mpaka achoke, kisha niseme fundi amehama. Tumefika sehemu ya wakimbizi wa Sudan wanaposhona nguo. Makena akasimama. Akageuza kichwa. Akasema ile ni yangu. Hata hatujaiona! Kuna kasoro kwenye gurudumu, inagonga kila mshono wa tano, na anaijua.

Anayeishonea ni Achol, mama mrefu, mpole, aliyekuwa fundi kwao Bor kabla ya vita. Makena akamwonyesha mahali pasi ilipounguza ubao mwaka wa themanini na nane. Achol akaondoa mikono yake juu ya cherehani, akaikunja magotini. Akasema aliinunua kwa mtu wa kofia ya unyoya, kwa mgao wa chakula wa familia wa miezi mitatu na pete yake.

Nilitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Walinitazama wote wawili kwa wakati mmoja, na ninasema wazi kwamba kelele ingekuwa afadhali. Nikaeleza. Nyumba, dola, duara, yote. Makena akanisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa leso, akamgeukia Achol wakaanza kunywa chai.

Wamezungumza saa nzima kama dada. Imejulikana kwamba kaka yake Achol, Manyok, hubeba mgao wa watu kichwani kutoka ghalani. Angekuwa na baiskeli angefanya biashara. Nikaanza kukohoa. Makena akanyoosha mkono bila kugeuka.

“Baba Mwenda,” akaniambia, “lete ufunguo wa baiskeli.”

Baiskeli yangu! Ya kengele mbili! Manyok ameondoka nayo akiwa amebeba magunia mawili, na kiti cha nyuma hakikulia hata kidogo. Na pete? Makena amevua yake akampa Achol, akarudishiwa cherehani. Ile niliyomvisha mimi.



Jumapili, 28 Machi. Lopur.

Nimetembea kwa miguu kuiaga nyumba. Atabo amejaza maganda ghorofa ya juu mpaka dirishani. Nikalalamika. Akasema nyumba bado ni yangu, yeye ameweka vitu tu.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka. Lodwar.

Majoho yote ishirini na mawili! Makena ameshona usiku na mchana, wiki mbili. Kwaya imesimama na kanisa zima likashusha pumzi. Mchungaji amemtaja kwa jina, na sare za chekechea amepewa. Nilipiga makofi kuliko watu wote. Makena aliangalia mbele. Kidole chake kina alama nyeupe ilipokuwa pete, na leo niliitazama kuliko nilivyotazama madhabahu.

Nje ya kanisa Kipkemboi akanishika mkono. Mbuzi wake wamezaa, sasa ni kumi. Nikauliza kwa ukali anawalisha nini kiangazi hiki. Akasema alipeleka sukari na tumbako kwa mama mmoja Lopur, akaomba, akaruhusiwa. Miti mizuri sana, alisema. Pana hata beseni la kunyweshea, na nyumba ya ajabu ya duara, sijui ni ya nani.

Jumatatu, 12 Aprili.

Sikulala kwa hasira. Lakini leo sikukuu, na Mungu hamwachi mtu wake. Nimekutana na bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni. Anauza nyumba ya wageni Eliye Springs, kando ya ziwa, chemchemi mlangoni, paa la makuti. Umbo lake ni la mashua! Mwenyewe anaondoka kwa sababu ya uchumi.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimemwuliza kabla ya lolote: miti ni ya nani? Akaapa hakuna mgunga hata mmoja pale, ni mikoma mitupu, ile miti jamii ya minazi. Basi nimetulia. Mtu hafanywi mjinga mara mbili.

Naye hataki karatasi tupu. Cherehani haiwezekani, Makena ameifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, upande wake. Lakini redio bado ni nzima. Nimemwambia Makena inatoa sauti ya kukwaruza, na kwamba kuna fundi mzuri sana kule ziwani.