Shamba Lisilojua Baridi

Jumatatu, 29 Septemba
Leo kikundi chetu cha mboga hapa Apple Valley, ughaibuni, kimekuwa cha kisasa. Haika, dada wa Kitanzania anayesomea kilimo chuoni, ametugawia kila mtu kidude cha kuchomeka udongoni. Kinapima joto na unyevu, kinatuma kwa simu. Akasema ndivyo wakulima wa Ulaya wanavyofanya: taarifa za shamba lako ni mali yako, unamfungulia unayemwamini, naye anakufungulia zake. Ukitaka kuchungulia, nawe chunguliwa!

Mimi nataka kuchungulia za Mama Keziah, mwenyekiti wetu. Managu yake, yaani mnavu, hayana uchungu hata kidogo. Shida ni taarifa zangu. Udongo wangu umekauka kama biskuti. Na Mama alishanionya: nikivurunda tena msimu huu, shamba linaenda kwa jirani yangu Eliakim. Eliakim! Mtu anayepanda kwa rula!

Jumatano, 1 Oktoba
Akili ni nywele, na mimi nina rasta. Kidude nimekichomeka jikoni, kwenye chungu cha dania cha binamu yangu Joan, ninayekaa kwake. Joan hasahau kumwagilia. Nimewafungulia wote. Chungulieni!

Ijumaa, 3 Oktoba
Sifa! Mama Keziah kaandika kwenye grupu kwamba Griffins, ndiye mimi, ameokoka, udongo wake una maji kuliko wa watu wazima. Akanifungulia za kwake. Siri yenyewe: anamwagilia alfajiri, kabla ya ku-drive kwenda zamu hospitalini. Alfajiri! Hiyo nayo ni siri? Nilitegemea dawa.

Eliakim kaniuliza kwa upole mimi nafanyaje. Nikamwambia, ndugu yangu, hiki ni kipaji.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelala fofofo. Ndilo balaa lenyewe.

Usiku imeshuka jalidi, ile baridi inayounguza majani. Vidude vikaliza simu za wenzangu kuwaonya, wakakimbia na mashuka kufunika mboga. Yangu kimya. Kidude changu kiko jikoni kwa Joan, digrii sabini na moja za Fahrenheit, joto la kulalia!

Nimefika shambani roho mkononi. Mboga za watu zimejifunika shuka kama wagonjwa wodini. Na zangu pia! Shuka la maua. La Eliakim. Managu yangu mazima!

Eliakim akasema aliona kwenye simu lile joto langu, akajiuliza kama nimelima jehanamu. Akajua nimedanganya. Lakini mboga, akasema, hazijamdanganya mtu.

Mama Keziah akanivuta sikio, kisha akacheka mpaka akakalia ndoo. Hukumu: shamba nibaki nalo, kidude kirudi udongoni, na mashuka yote nifue mimi. Macho yakanitoka machozi. Ni upepo tu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kwenye mashine za kufulia nimekutana na Nahashon, kiongozi wa wakulima wa Saint Louis Park, mji wa karibu. Baridi imewamalizia kila kitu, maskini. Nikamwonyesha simu: usiku uleule, shamba langu, sabini na moja. Namba haziongopi! Akaniomba siri. Nimemwahidi mbegu za managu yasiyojua baridi. Wanakuja kikundi kizima, Jumamosi ijayo.

Mbegu zenyewe sina. Eliakim anazo tele. Atanipa tu. Siku hizi tunaaminiana.