Goti Langu, Edwina na Taa ya Vifaranga

Jumatatu, 6 Mei
Nyumbani na goti jipya! Maonyesho ya kilimo ni Jumamosi, na sheria ya hapa Wandagoola haina huruma: mwenye kuku ambebe mwenyewe hadi kwa mwamuzi. Jirani Merv Stubbings, mshindi wa kila mwaka, kasimama kwenye uzio kunipa pole. Pole gani! Kauliza kama kuku wangu Edwina nitambeba kwa meno, maana mikono yote ina magongo. Kacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nimeumia moyo. Utepe wa buluu wa mshindi mwaka huu ni wangu, hata kwa kutambaa.

Jumanne, 7 Mei
Muuguzi Thuy kaja kubadilisha bandeji. Nikamuuliza habari za ile tiba ya mwanga mwekundu ya kuharakisha kupona. Kasema huenda ikasaidia kidogo, ila miujiza haifanyi. Kwanza nimuulize daktari aliyenipasua. Nisimulike kidonda kabla hakijafunga. Nitumie kifaa cha tiba chenyewe, muda mfupi, na miwani ya kukinga macho. Nitaje na dawa ninazokunywa, nyingine hazipatani na mwanga. Nimeitikia yote kwa adabu. Kichwani limebaki neno moja: mwekundu. Bandani nina taa nyekundu! Ya kuwapasha vifaranga joto! Kubwa kuliko hivyo vifaa vyao!

Jumatano, 8 Mei
Mke wangu Noelene kaenda kilabuni. Nikajikokota bandani. Edwina nilikuwa nimeshamwogesha kwa ajili ya maonyesho, kwenye beseni kwa shampuu ya watoto, ameloa chapachapa. Tukakaa wote chini ya taa, mimi goti, yeye manyoya, tena yeye karibu zaidi. Miwani? Nilivaa ile ya kuchomelea vyuma. Usalama kwanza! Joto sikulisikia hata kidogo. Dalili njema! Nikasinzia. Kilichoniamsha ni harufu ya kuungua. Moyo ulinipasuka, nikajua ni Edwina. Kumbe bandeji yangu.

Alhamisi, 9 Mei
Thuy kanikodolea macho. Kumbe ngozi kando ya mshono hufa ganzi baada ya upasuaji, inaweza kuungua na mwenyewe usijue. Yangu imeiva kama kamba wa kuchemsha. Bahati kidonda chenyewe hakikuungua. Kampigia daktari palepale. Amri: hakuna taa ya aina yoyote, na mguu uwe juu, umenyooka. Noelene kasema, "Clarrie mume wangu, ungezaliwa kuku tungeshakula supu yako." Kaing'oa balbu, kaificha. Nimetokwa na machozi. Ni vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Jumamosi, 11 Mei
USHINDI! Alfajiri akili ikanijia. Kanisani kuna kiti cha magurudumu chenye ubao wa kunyooshea mguu. Noelene kanisukuma huku akilalamika njia nzima, mguu mbele, Edwina mapajani nimemkumbatia. Merv akapiga kelele kwamba huko si kubeba. Mwamuzi, mama mmoja mwenye sauti ya radi, akamwambia kuku yuko mikononi mwangu, basi nimembeba, na yeye arudi kwenye mstari. Kisha akapitisha vidole kwenye manyoya ya Edwina. Laini! Makavu mpaka chini kabisa! Wa Merv aliogeshwa asubuhi hiyo hiyo, akakaushwa mbiombio kwa mashine ya kukaushia nywele ya mkewe, tumbo bado bichi, manyoya yamegandamana. Utepe wa buluu kwa Edwina! Merv alinipa mkono kama mtu anayeng'olewa jino. Nikala pai mbili. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi, na Noelene nimemwambia.

Jumapili, 12 Mei
Nimelala na utepe umefungwa gotini. Thuy kapita, kampongeza Edwina, kanikumbusha kuhusu taa. Nimeahidi kwa dhati. Halafu nikatafakari. Tulikaa wawili chini ya taa ile, na aliyekaa karibu nayo zaidi ndiye aliyeshinda. Kosa langu ni wazi: nilikaa mbali mno. Balbu nimeshaiona, iko ndani ya pipa la unga. Kesho Noelene anakwenda tena kilabuni.