Masizi ya Nyumba ya Bibi Friesen

Jumatano, 8 Januari. Winnipeg, nyuzi 31 chini ya sifuri.
Thorlakson, dalali mwenzangu, amebandika sura yake kwenye benchi la kituo cha basi mbele ya ofisi yangu. Nusu ya picha ni nywele! Mwaka jana niliuza nyumba 41, yeye 26. Nani anahesabu? Mimi. Leo Bibi Friesen, mjane ninayemuuzia nyumba, kaniambia nisipopata mnunuzi Jumapili, wateja watakapokuja kuitazama, kazi anampa "yule kijana mwenye nywele". Kijana! Tulimaliza shule mwaka mmoja.

Alhamisi, 9 Januari
Nimepiga hesabu. Kupandikiza nywele kwenye upara wangu: dola 9,000 kwa mashina 2,000, yaani dola nne na nusu kila shina, na magamba kichwani wiki mbili. Dawa ya kupaka: asubuhi na jioni, miezi minne kabla ya kuona chochote. Sina miezi minne, nina siku tatu. Vidonge: karatasi yake inaonya kuhusu mambo ya chumbani. Nilimsomea mke wangu, Luba. Akasema yeye hataona tofauti. Sikucheka. Kofia ya mwanga mwekundu wa kuotesha nywele: dola 800, na mbwa alibweka nilipoijaribu.
Mshindi: unga wa nywele, mweusi, dola 39. Unanyunyiza, upara unafunikwa papo hapo.

Jumapili, 12 Januari
Nilinyunyiza kopo zima. Kwenye kioo nikawa kijana wa miaka 28! Kisha nikavaa kofia ya sufu, maana kwa baridi hii anayetoka bila kofia anarudi bila masikio.
Nikaivua ndani ya nyumba ya Bibi Friesen. Pu! Wateja walikuwa wamevua viatu mlangoni kama watu wenye adabu, wanazunguka na soksi kwenye zulia jeupe. Robo saa baadaye, soksi kumi na sita nyeusi. Bwana Reyes, pekee kati yao mwenye pesa, aliinua mguu akaunusa. Akauliza kama tanuru la kupasha nyumba joto linatema masizi.
Maneno mawili yangeokoa nyumba: ni nywele. Nikasema: ni tanuru.
Walitoka wote wanane. Bibi Friesen akaniuliza tanuru gani tena, Orest, wakati amefunga jipya Novemba? Kisha akaikung'uta kofia yangu kwenye sinki, polepole, akinitazama.

Jumanne, 14 Januari
Bibi Friesen kampigia Reyes mwenyewe, kamweleza yote. Wamecheka dakika tano. Kanunua, bei kamili! Kupitia Thorlakson.
Nilikwenda kurudisha ufunguo. Thorlakson alikuwa hapo, akavua kofia yake: kichwa kama yai. Picha ya benchi ni ya mwaka 2006! Nikamwuliza Bibi Friesen, haya, nywele ziko wapi? Akanijibu, baba, huyu hajanichafulia zulia.
Kumbe! Hapo ndipo nilipokosea. Mazulia ya wateja wangu, saba kati ya kumi ni meupe.
Nimeagiza makopo sita. Unga mweupe.