Gari Langu Lilivyokula Umeme wa Wakwe

Jamani, aibu niliyoipata leo Didia niliibeba mwenyewe kwenye buti kutoka Kahama. Nawasimulia mimi kabla mpwa wangu Idrisa hajawasimulia, maana yule anaongeza chumvi.

Mnalikumbuka lile gari langu kubwa la zamani, ambalo mtaa mzima ulijua narudi kabla sijafika kona? Nimeliuza. Limenibebea magunia ya mchele kwenda machimboni miaka mingi, lakini lilikuwa linakunywa mafuta kama ng'ombe wa Kishapu waliofika bwawani. Nikanunua dogo, mtumba wa Japani, linalotumia petroli na umeme. Unalichomeka ukutani kama simu, likijaa unaondoka kimyakimya. Tangu hapo nimekuwa mhubiri. Kila nikipita sheli nawapungia mkono wahudumu. (Ndiyo, nawapungia kweli. Nisameheni.)

Leo tulikwenda kumposea Idrisa. Binti anaitwa Milembe, na baba yake, Mzee Masanja, hakuwa anatutaka. Alishasema watu wa mjini wana maneno mengi na adabu kidogo. Alibembelezwa sana mpaka akakubali kutusikiliza. Kwa hiyo njiani kaka yangu, baba yake Idrisa, alinisihi: shangazi mtu, leo usalimie tu, basi. Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Tunaingia Didia, betri imekwisha. Petroli ilikuwepo, ya kurudi nyumbani na kubaki. Lakini nilikuwa nimemtambia kaka njia nzima kwamba gari hili halijui sheli, na kiburi kikanipanda. Nikaegesha kando ya nyumba. Pale kibarazani, nyuma ya magunia ya pamba, nikaona soketi. Wenzangu wakiwa bado kwenye shikamoo na marahaba, mimi nikatoa waya, nikachomeka, nikausukumia nyuma ya magunia. Sikumwomba mtu. Niliona ni jambo dogo tu. (Fundi wangu alishanibadilishia plagi iingie soketi yoyote. Nilimsifu sana siku ile.)

Tukakaa chini ya turubai. Kulikuwa na spika, maiki, na ndani friji ya soda za wageni. Mshenga wetu akaanza habari za ng'ombe, wenyeji wakapandisha, sisi tukashusha, mambo yakaenda vizuri mpaka nikashangaa. Kisha wenyeji wakaomba shangazi wa kijana asimame awasalimie.

Nikapewa maiki. Hapo ndipo kaka alipofumba macho.

"Mzee wangu," nikasema, "Milembe hatapata shida kwetu. Sisi ni watu wa kujitegemea. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kwenda kwa mtu kuomba hata chumvi."

Makofi! Mzee Masanja akatikisa kichwa kukubali, na kaka akafumbua macho. Huko ndani kulikuwa na kitu kinalia tii, tii, tii. Nikadhani ni simu ya mtu.

Mzee Masanja akasimama kutoa jibu. Idrisa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Mzee akashukuru wageni, akakohoa, akasema, "Kuhusu binti yetu, tumeona kwamba..." na spika ikazima.

Akaipiga maiki kwa kiganja. Wapi. Akashangaa sana, kwa sababu jana tu alinunua umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, wa kumtosha wiki nzima, makusudi kwa shughuli hii. Mimi nikawahi kueleza kwamba huenda umekatika kijiji kizima. Wakati huohuo redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, kwa sauti ya juu kabisa.

Nikakumbuka waya wangu, na ile tii, tii kumbe ilikuwa mita ya luku ikilia kwamba umeme unaisha.

Nilitaka kunyanyuka nikauchomoe, lakini Mama Milembe alikuwa ameshatoka jikoni. Akasogeza magunia kwa mguu, akauona waya. Akauchomoa ukutani, akaanza kuukunja mkononi kama anakunja kamba ya ng'ombe, akiufuata taratibu, mbele ya wageni na wenyeji, mpaka kwenye mdomo wa gari langu. Pale akasimama.

"Baba Milembe," akaita. "Umeme haujaisha. Umo humu."

Ninyi hamjawahi kutazamwa na ukoo mzima. Kaka akafumba macho tena, na safari hii hakuyafumbua. Idrisa alinitazama mpaka nikamwonea huruma, maana alimwona mke anayeyuka hivihivi.

Mzee Masanja akaja mpaka mbele yangu. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli kwetu hatuombi hata chumvi. Nikasema ndiyo, mzee.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Hukuomba."

Turubai zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nikajificha kwenye simu nikiwanunulia luku. Namba zilipokuja nikatakiwa nizisome kwa sauti, mzee akibonyeza kwenye mita, wageni wakiitikia kila namba.

Umeme uliporudi, wazee wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana. Wakarudi na jibu. Milembe tumepewa! Ila wageni wametozwa faini kwa kushika kitu cha wenyeji bila kuomba: mtamba mmoja juu ya mahari, tena asiletwe na Idrisa wala baba yake. Amlete shangazi mwenyewe.

Tumerudi kwa petroli. Nimepita sheli zote bila kupunga mkono.

Sasa Jumamosi natakiwa Didia na ng'ombe, na gari langu halibebi hata mbuzi. Lile kubwa lingemvuta kwenye tela, lakini ndiyo nimeshaliuza. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anitafute, ila kwanza amalize kucheka huko huko aliko.