Mikono Safi ya Osiri

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimepata kazi! Celestine, msomi wa chuo kikuu, anataka nimtembeze machimbo ya dhahabu hapa Osiri. Anasomea udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Anachunguza kama watu hunawa kabla ya kula. Ameniambia nisimwambie mtu anaangalia nini. Nikifanya poa, ananibeba Homa Bay, kazi ya mwaka mzima! Jirani yangu Maroa aliitaka hiyo kazi. Ananiangalia vile paka huangalia omena.

Jumanne, 10 Juni
Aibu! Tumekaa kwa kibanda ya chakula ya Awino. Wachimbaji wametoka shimoni, matope mpaka kwa kope, wakavamia nyoyo, mahindi na maharagwe, hivyo hivyo. Kibuyu cha kunawia iko hapo, buibui amejenga ndani. Celestine anaandika tu, hacheki, hanuni. Hawa watu wataninyima Homa Bay!

Jumatano, 11 Juni
Nimezunguka mashimo yote. Nimewaambia mgeni anaangalia mikono, tafadhali msinichomee. Mchimbaji mmoja, Omondi, akauliza kwani anatafuta bwana. Nikamwambia atafute asitafute, wewe osha! Awino nimemletea sabuni. Maroa akauliza siku hizi nahubiri injili gani na miche ya sabuni kwapani. Nikamwambia omera, ndugu yangu, shughulika na yako.

Ijumaa, 13 Juni
Laini ya kunawa mpaka barabarani! Watu wanasugua mpaka kiwiko kama wanaenda kupasua mgonjwa. Omondi ameosha, amekula, ameosha tena, akaenda kumwonyesha Celestine viganja. Mjinga huyu!
Celestine akanivuta kando, akauliza niliwaambia nini. Mimi? Nikaapa hawa ni wasafi tangu kuzaliwa. Maroa akapayuka kutoka nyuma: aulizwe sabuni ni ya nani!
Kumbe nimeharibu utafiti. Celestine amesema hakutafuta watu wasafi, alitaka kuona vile wanaishi kila siku. Jumatatu anarudia. Nikiharibu tena, Homa Bay anaenda na Maroa.

Jumapili, 15 Juni
Hawa watu wamezoea kuosha! Nimempata Omondi akinawa bila kutumwa na mtu. Nimemfokea mpaka akadondosha sabuni.
Nimerudi mashimo yote. Nimewaambia kesho ni kawaida, ole wake atakayegusa maji. Awino ameficha kibuyu, anasema nimerukwa na akili. Omondi nimempanga apanguse mikono kwa suruali, wengine warambe vidole. Tumefanya mazoezi mpaka wote wameshika. Uchafu safi kabisa!
Celestine atafurahi. Nguo za Homa Bay nimeshafunga.