Minyaa ya Bibi Leonia

Jumatatu, 11 Juni 1973

Naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Mwakilishi wa mahakamani huanza na kiapo, ndivyo lisemavyo Somo la Kwanza. Masomo yangu ya sheria huja kwa posta, kwa treni ya Dar es Salaam. Leo nimepokea la Tatu. La Pili, “Kumsikiliza Mteja”, limepotea njiani. Si kitu! Kusikiliza nani asiyejua?

Mteja wangu wa kwanza ni Bibi Leonia, mama wa baba, anayenilea hapa Kasingirima. Mzee Dismasi, jirani yetu wa shamba kule Gungu, amemshtaki. Eti safu ya michikichi saba ni yake. Ikienda safu hiyo, Bibi hana tena mawese ya kuuza, na mawese ndiyo yaliyonifikisha kidato cha tatu. Karani Pastory wa mahakamani amesema mahakama ya mwanzo haipokei mawakili, ila ndugu aweza kumsemea nduguye kwa ruhusa ya hakimu. Nina miaka kumi na minane. Ndugu ndiye mimi!

Jumatano, 13 Juni

Mahakamani. Nani kakaa upande wa Mzee Dismasi? Klementina, mjukuu wake, tunayekaa naye dawati moja shuleni! Kumbe naye anasoma kwa posta. Gauni limenyooshwa pasi, kola ngumu kama bati. Nikamwambia ajiandae kulia. Akaniambia, mwenzangu, kwanza funga kifungo. Kilikuwa wazi tangu nyumbani.

Bibi alitaka kusimama na mguu wake mbovu aeleze habari za marehemu babu. Nikamkalisha. Nikamwambia Bibi wee, nyamaza, msemaji ni mimi. Nikasema nusu saa nzima. Mmoja wa wazee washauri wa hakimu akasinzia. Hakimu akasema inatosha, binti, Jumatatu atakuja mwenyewe kuliona shamba.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekwenda Gungu peke yangu kukagua. Aibu! Kati ya michikichi yetu na mihogo ya Mzee Dismasi kuna mstari wa minyaa mizee, ile miti ya utomvu mkali, imesongamana, imepita kimo changu. Pori! Klementina atasimama aseme Bibi hatunzi shamba, na siku hizi redio haichoki kutuambia ardhi ni ya anayeilima. Atanimaliza kwa neno hilo moja.

Nina mpango. Nimeazima panga na jembe kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Faustini. Bibi sijamwambia. Atafurahi siku yenyewe.

Jumapili, 17 Juni

Mikono imechubuka, lakini kazi imekwisha. Nimekata, nimeng'oa hadi mizizi, nimetupa yote korongoni. Palipokuwa na minyaa sasa pana tuta la viazi vitamu, limenyooka kama rula. Ila utomvu umenirukia machoni. Moto! Misa sikwenda, nisingeiona hata altare.

Bibi akauliza nimepatwa na nini. Nikasema moshi. Akaniosha kwa maziwa, akaniambia pole mama.

Jumatatu, 18 Juni

Hakimu amefika na wazee washauri wawili. Akamuuliza Bibi mpaka uko wapi. Bibi akasimama kabla sijamzuia. Akasema mpaka ni minyaa aliyopanda marehemu mume wake mwaka aliozaliwa baba yangu, na aliyeshika kamba ya kupimia siku hiyo ni baba yake Dismasi. Njooni, akasema, niwaonyeshe. Akatangulia na fimbo yake.

Akafika kwenye viazi. Akasimama. Akatazama viazi. Akatazama macho yangu.

Mzee Dismasi akadakia, minyaa gani, mama? Yeye anaona viazi tu. Klementina akacheka kwa pua.

Hakimu akainama, akashika udongo. Akaniuliza taratibu, Ndugu Stephania, macho hayo si utomvu wa minyaa? Somo la Tatu ni wazi: mwakilishi asikiri jambo lisilothibitishwa. Nikasema ni moshi. Akauliza tena. Moshi, Mheshimiwa!

Akamgeukia Bibi. Bibi akasema mjukuu wake akisema moshi, basi ni moshi.

Jumatano, 20 Juni

Hukumu. Alama ya mpaka haikuonekana. Michikichi yote saba kwa Mzee Dismasi.

Nje Karani Pastory akanivuta kando. Eti, binti, ungesema utomvu, tungeandika kwamba minyaa ilikuwepo. Macho yako ndiyo yaliyokuwa ushahidi pekee wa bibi yako. Wivu tu! Karani hawezi kufurahi kuona msichana anasoma sheria.

Bibi hakuninung'unikia. Mawese yaliyobaki kitakoni mwa debe ameyamimina yote kwenye mboga yangu. Yake aliichemsha kwa chumvi.

Alhamisi, 21 Juni

Nimepeleka barua posta. Nakala ni hii:

“Ndugu Mkufunzi, kesi yangu ya kwanza imeharibiwa na mteja aliyezungumza bila ruhusa yangu. Sikati tamaa. Shangazi Melania naye ana shauri la mpaka huko Buzebazeba, na nimekwisha kumwagiza afyeke shamba lote kabla hakimu hajafika. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: je, Somo la Pili ni la lazima, au niendelee tu na la Nne?”